Neno Nililolisahau na Mkono Uliolikumbuka

Maumivu yalianza katika mkono wa kushoto, mwezi wa Februari mwaka 2011, nikiwa na umri wa miaka 40 na nikiwa nimeishi London kwa miaka kumi na mitatu. Yalianzia upande wa ndani wa kiwiko, pale ambapo mama humlaza mtoto kichwa anapomnyonyesha, yakapanda taratibu hadi begani. Mchana niliweza kuyasahau. Usiku, ilipofika saa nane au karibu na hapo, yaliniamsha, na nikishaamka sikupata usingizi tena hadi alfajiri.

Kwa kuwa mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto, mimi na kila niliyemweleza tulifikiria moyo kwanza. Nilipimwa mapigo ya moyo kwa mashine ya ECG mara tatu, nikatolewa damu, nikapigwa picha ya MRI ya shingo ili ionekane kama kuna mshipa wa fahamu uliobanwa, na majibu yote yakawa mazuri. Napenda niseme wazi mapema kwamba yeyote anayeumwa mkono wa kushoto aanzie hospitali, wala asianze kuichunguza nafsi yake. Vipimo vile havikuwa vya bure, kwa sababu bila ya hivyo yote niliyoyafahamu baadaye yangekuwa ya kubahatisha. Hata hivyo, daktari mmoja alifunga faili langu akaniambia kwamba sina kitu, na kauli hiyo iliniuma kwa muda mrefu. Kuhusu mwili alisema kweli. Lakini nilitoka chumbani mwake nikiwa na maumivu yaleyale niliyoingia nayo, na sasa yalikuwa yameongezewa aibu.

Nilipompigia simu shangazi yangu aliyeko Tanga, yeye hakuniuliza habari za moyo. Aliniuliza maumivu yanakuja saa ngapi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, una nini na bibi yako?" Alishauri isomwe hitma na itolewe sadaka, kwa kuwa huenda marehemu alitaka kukumbukwa. Nilimjibu kwa adabu, nikatuma fedha za hitma, na moyoni nikalipuuza swali lake, kwa kuwa nilijiona msomi asiyepaswa kuyashughulikia mambo hayo. Leo ninaona kwamba kati ya wote walionipima na kunihoji mwaka ule, yeye peke yake ndiye aliyepagusa palipouma, ingawa sababu aliyoitoa sikuikubali wakati ule na sijaikubali hadi sasa.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Daktari wa mtaani kwetu, mwanamke mtu mzima ambaye hakuwa na haraka, aliona kwamba dawa za kutuliza maumivu hazinifai na kwamba nilikuwa nikikonda, akanieleza kuhusu tiba ya uchanganuzi nafsi. Mimi ni mkalimani wa wagonjwa hospitalini, na mshahara wa mkalimani hauwezi kulipia tiba ya siku tano kwa wiki. Lakini katika jiji hilo, tangu kliniki ya kwanza ya uchanganuzi nafsi ilipofunguliwa mwaka 1926, umekuwapo utaratibu wa wagonjwa wasio na uwezo kulipa kidogo na kutibiwa na wanafunzi wa fani hiyo wanaosimamiwa na wakubwa wao. Nilipitia usaili mrefu, nikakubaliwa, na mwezi wa Septemba mwaka 2012 nikaanza kwenda kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, kwa dakika 50.

Kiini cha tiba hii, kama kilivyoelezwa na Sigmund Freud huko Vienna katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ni kwamba nafsi ya mtu haijijui yote. Ipo sehemu isiyojitambua, ambamo matamanio na mawazo ambayo mtu hawezi kuishi nayo husukumwa chini, nayo yakishasukumwa hayafi. Hutafuta njia nyingine ya kutokea: kwenye ndoto, kwenye ulimi unaoteleza, kwenye woga usio na sababu, na wakati mwingine kwenye kiungo cha mwili. Nilipoelezwa hivi mara ya kwanza nilidhani nimeelewa, kwa sababu sote tumelelewa kwa methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa sijaelewa. Mficha maradhi wa methali anayajua maradhi yake, naye anawaficha watu. Mimi sikuwa na siri yoyote niliyomficha mtu, na kama ningeapishwa msikitini ningeapa kwamba sina. Kilichofichwa nilifichwa mimi mwenyewe, na aliyekificha alikuwa ni mimi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata. Mgonjwa hulala kwenye kochi, mchanganuzi huketi nyuma ya kichwa chake asikoonekana, na mgonjwa hutakiwa kusema lolote linalopita akilini bila kuchagua, hata likiwa la kipuuzi, la aibu au la kumvunjia heshima anayesikiliza. Kochi ni urithi wa zama ambazo Freud alitumia hiponosi, yaani kumtia mgonjwa katika hali kama ya usingizi, na alipoiacha hiponosi alilibakiza kochi. Mwenyewe aliandika mwaka 1913 kwamba hakuweza kuvumilia kukodolewa macho na watu kwa saa nane au zaidi kila siku. Kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili ugumu unazidi, maana tumefundishwa tangu utotoni kuyapima maneno kabla hayajatoka, na kumpa mtu mgongo wakati unazungumza naye ni utovu wa adabu.

Miezi ya mwanzo nilikuwa mgonjwa mwema kupita kiasi. Sikuchelewa hata siku moja. Kila tulipomaliza nilimuuliza mchanganuzi kama amechoka. Siku moja alikohoa nyuma yangu, kikohozi cha kawaida cha majira ya baridi, na kabla sijajua ninalofanya nilikuwa nimekwisha inuka, mkono wangu wa kushoto umenyooka kuelekea kwake kama wa mtu anayetaka kumwinua mwenzake kichwa ili apate pumzi. Hakucheka wala hakunikemea. Aliniuliza tu: "Ni nani uliyemwinukia?" Nilimjibu kwamba ni yeye. Akasema labda si yeye peke yake. Wanaoijua kazi hii huliita jambo hilo uhamisho wa hisia: mgonjwa, bila kujua, humtendea mchanganuzi kama alivyomtendea au alivyotaka kumtendea mtu wa zamani, na kwa njia hiyo habari ambayo hawezi kuisimulia anaitenda. Freud aliandika juu yake mwaka 1914, akieleza kwamba tusichokikumbuka hukirudia kwa vitendo. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimuuguza mwanamke mzima wa afya aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake.

Sasa niseme habari za bibi. Alikuwa mama mzazi wa baba yangu, naye ndiye aliyenilea huko Ngamiani, Tanga, baada ya wazazi wangu kuachana. Mwaka 1984, nikiwa darasa la saba, alipigwa na kiharusi upande wa kulia, ulimi ukawa mzito na maneno yakamwishia karibu yote. Watu wazima walikuwa na kazi za mchana, na mimi ndiye niliyekuwa mwepesi, kwa hiyo usiku wake uligawiwa kwangu. Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake cha kamba. Nilimnywesha uji kwa kijiko, nikamfuta, nikambadilisha kanga, na mara kadhaa kila usiku nikamgeuza ubavu ili asipate vidonda vya kulalia. Hali hiyo ilidumu miezi minane. Alipofariki, kila aliyekuja matangani alinishika kichwa na kuniombea dua, wakisema kwamba huyu mtoto amemuuguza bibi yake kama mtu mzima, na kwamba radhi zake zitanifuata maisha yangu yote.

Hayo yote nilimsimulia mchanganuzi katika wiki ya pili ya matibabu, kwa Kiingereza kilichonyooka, bila chozi hata moja, kama mtu anayesoma taarifa. Kiingereza ndiyo lugha ya kazi yangu, nami ninakijua vizuri. Haikunipitikia kwamba kukijua vizuri kulikuwa sehemu ya tatizo. Ukalimani una kanuni ambayo wasiofanya kazi hiyo hawaijui: mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mgonjwa. Mgonjwa akisema kwamba anaumwa tumbo, nami husema "ninaumwa tumbo", na baada ya miaka mingi mtu huzoea kuisema "mimi" ambayo haimhusu. Nilikuwa nikijikalimani mwenyewe. Yule msichana wa miaka kumi na mitatu alikuwa akisema kwa Kiswahili mahali fulani ndani, nami nikitoa tafsiri safi isiyo na harufu ya kile chumba.

Baadaye nilipojisomea nilikutana na binti mmoja wa Vienna ambaye vitabu humwita Anna O., mgonjwa wa daktari Josef Breuer kati ya mwaka 1880 na 1882, nikastuka kwa jinsi tulivyofanana. Alikuwa akimuuguza baba yake. Usiku mmoja, ameketi kando ya kitanda, mkono wake wa kulia ukiwa umening'inia nyuma ya kiti na umekufa ganzi, aliona kama nyoka anamjia mgonjwa. Alitaka kumfukuza, mkono ukakataa. Alitaka kuomba, akakosa maneno, mpaka yakamjia mashairi ya watoto ya Kiingereza, akaomba kwa lugha hiyo. Katika ugonjwa wake ulifika wakati akawa hazungumzi ila Kiingereza, ingawa lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kijerumani. Yeye ndiye aliyeipa tiba ile jina la tiba ya mazungumzo. Ni haki nieleze pia kwamba kisa chake kilipotolewa mwaka 1895 kilisimuliwa kama kwamba alipona kabisa, jambo ambalo si kweli, kwani mwaka 1882 alilazwa katika nyumba ya wagonjwa ya Bellevue, huko Kreuzlingen, Uswisi, na maradhi yaliendelea kumrudia kwa miaka kadhaa. Jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim, na mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani. Nimemheshimu zaidi baada ya kuujua ukweli huo.

Ndoto iliyonifungua niliiota mwezi wa Mei mwaka 2014. Nilikuwa pwani ya Sahare, bahari imekupwa, na mchangani kulikuwa na mtumbwi ulioegeshwa kwa ubavu, mkubwa kuliko mitumbwi ya kweli. Wanaume waliokuwa wakitia kalafati walikuwa wakinipigia kelele niugeuze ili waufikie upande wa pili. Niliusukuma kwa mkono wa kushoto, ukawa hausogei, na mbao zake zilikuwa za moto na laini kama ngozi. Niliieleza asubuhi ile kwa Kiingereza. Mchanganuzi alinyamaza, kisha akauliza: "Wale watu walikuambia nini hasa, kwa lugha yao?"

Nilifungua kinywa kumjibu kwamba walisema "ligeuze", au "ugeuze", na kabla sijachagua kiambishi likatoka neno jingine: "Nigeuze."

Sikuweza kusema kitu kwa dakika zilizobaki. Hilo ndilo neno pekee ambalo bibi alibaki nalo baada ya kiharusi, na hata hilo halikutoka lote. Lilitoka kama "geze", kwa sauti ya puani, likirudiwa na kurudiwa gizani mpaka nilipoinuka. Nilikuwa nimesimulia ugonjwa wake kwa miaka thelathini bila ya kulitaja neno hilo hata mara moja. Nilipoondoka nilitembea mwendo mrefu nikilia barabarani, na watu wa London, kama ilivyo desturi yao, walinipisha.

Jioni ile nilifungua shajara zangu za kazi. Siku tatu kabla ya maumivu kuanza, Februari 2011, niliitwa kukalimani katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi kwa mama mmoja mzee kutoka mashariki ya Kongo. Shajara ilikuwa na saa na namba ya wodi, na kwa juhudi nikakumbuka uso wake, kisha nikakumbuka kwamba aliwaambia wauguzi "munigeuze" na kwamba mimi, mwenye sifa ya kutokukosa neno, niliwauliza wauguzi kama wamemwelewa, wakasema ndiyo kwa kuwa walimwona akijaribu kujisukuma, nikanyamaza. Sikumtafsiria. Kazi hiyo niliisahau mara tu nilipotoka, na siku tatu baadaye mkono ukaanza. Sidai kwamba kufuatana kwa tarehe ni ushahidi wa kisayansi. Ninasema tu kwamba katika miezi yote niliyowahesabia madaktari yaliyotangulia maumivu, tangu mzigo niliobeba hadi mto niliolalia, hilo moja sikuwahi kulihesabu.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko machozi. Neno lilipopatikana nilidhani kazi imekwisha: nilikuwa nimeizuia huzuni, sasa nimelia, na mkono utapoa. Haukupoa. Ulizidi. Mchanganuzi hakuiamini huzuni hiyo peke yake, na kwa wiki nyingi aliniuliza, kwa njia mbalimbali, nilikuwa nikiwaza nini pale kwenye mkeka neno liliporudiwa mara ya nne na ya tano. Nilimkasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. Nilichelewa makusudi kwa mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba kwetu watu hawawazii wazee wao mabaya, na kwamba anapandikiza kwangu mambo ya Ulaya. Naye alisema: "Leo umechelewa, na hukuniuliza kama nimechoka." Basi likanitoka, kwa Kiswahili, lugha asiyoijua hata neno moja: "Si afe basi nilale." Yeye hakuelewa maneno. Mimi niliyaelewa, maana ndiyo niliyoyasema kimoyomoyo kila usiku kwa miezi minane, kisha nikainuka, nikamwingizia mkono wa kushoto chini ya shingo, kichwa chake kikalala penye kiwiko changu kwa ndani, nikamgeuza.

Pale penye kiwiko kwa ndani. Nilipozuru nyumba ya Freud iliyo 20 Maresfield Gardens, London, alikohamia mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa Austria na ambayo tangu mwaka 1986 ni makumbusho, nilisimama mbele ya kochi lake lililofunikwa zulia la Kiajemi nikiwa tayari nimesoma kisa cha mgonjwa wake aliyempa jina la Elisabeth von R. Binti huyo alimjia mwaka 1892 akilalamikia maumivu ya miguu ambayo hayakupatiwa sababu, na sehemu iliyomuuma zaidi ilikuwa kwenye paja la kulia. Katika mazungumzo marefu iligundulika kwamba hapo ndipo baba yake mgonjwa alipouweka mguu uliovimba kila asubuhi ili amfunge bandeji. Na lilikuwapo wazo alilolisukuma chini: mbele ya maiti ya dada yake, liliwahi kumpitikia kama umeme kwamba sasa shemeji yake yu huru na anaweza kumwoa. Nimejiuliza mara nyingi kama kufanana kwetu kunanitia mashaka. Nilikisoma kisa hicho baada ya yangu kujitokeza, lakini mchanganuzi wangu bila shaka alikuwa amekisoma kabla, na mtu anayetafuta kitu kwa bidii huweza kukiona hata kisipokuwapo. Hatari hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyonifanya niende kuuliza.

Mwezi wa Agosti wachanganuzi wa London huenda likizo, na Agosti ile nilikwenda Tanga. Jioni ya pili, tumekaa uani na shangazi, nilimweleza kile ambacho kwa wakati ule kilikuwa kimekwisha kuwa kumbukumbu kamili kichwani mwangu: usiku wa mwisho bibi aliita, mimi nikajifanya nimelala, na alfajiri akakutwa amekufa. Shangazi alinitazama kwa muda. "Umeyatoa wapi hayo, mwanangu?" aliuliza. Bibi alifariki mchana, baada ya adhuhuri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa shangazi mwenyewe, nami nikiwa shuleni. Waliniitia mtoto wa jirani nikarudi nimevaa sare. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, alisema, nilimgeuza mara nyingi mpaka yeye shangazi, aliyekuwa amelala chumba hichohicho, akanionea huruma akaniambia nilale, atanipokea.

Chumba hichohicho. Katika kumbukumbu yangu nilikuwa peke yangu na bibi kwa miezi minane.

Hapo ndipo nilipoielewa, kwa mifupa yangu, barua ambayo Freud alimwandikia rafiki yake Wilhelm Fliess tarehe 21 Septemba mwaka 1897, akikiri kwamba katika sehemu ile isiyojitambua hakuna alama inayotenganisha kilichotokea na kilichobuniwa kikajazwa hisia. Mahakama ya ndani haiulizi ulifanya nini. Inauliza ulitaka nini, na hukumu ya kutaka ni ileile ya kutenda. Mimi sikumwacha bibi hata usiku mmoja, lakini nilitaka afe ili nilale, naye akafa, nikalala. Nakumbuka sasa kwamba nililala matangani, katikati ya kelele za watu, usingizi mzito na mtamu wa siku tatu. Nadhani raha ya usingizi ule ndiyo niliyoitungia hadithi ya kosa, kwa kuwa kosa lina umbo na lina adhabu, ilhali raha ile haikuwa na mahali pa kuwekwa. Na dua za waombolezaji, kwa wema wao wote, zilikifunga kinywa changu, maana ni mtoto gani aliyeombewa radhi atasimama aseme kwamba amefurahi? Kiswahili kimewafunga katika mzizi mmoja anayeugua na anayemuuguza, na mtoto asiulizwe hali yake.

Neno moja kuhusu lile nililomtupia mchanganuzi, kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Nilipolichunguza niliona kwamba halikuwa hata langu. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, alitoa kitabu mwaka 1953 chini ya Shirika la Afya Duniani, akidai kwamba sonona ni adimu kwa Mwafrika na akiilinganisha akili yake na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Miaka saba baadaye mtafiti M. J. Field alitoa utafiti wake wa vijiji vya Ghana, ambako hakuwatafuta wagonjwa hospitalini ila kwenye vihekalu vya waganga, na huko aliwakuta wanawake wengi wenye sonona nzito wakijishtaki wenyewe kwamba ni wachawi waliowaua watu wao. Carothers aliwangoja hospitalini, ambako hawakufika. Ninaposikia wenzangu wakisema kwa fahari kwamba kwetu hakuna mambo ya kujilaumu mpaka mtu akaugua, ninahuzunika, kwa sababu tunalirudia neno la mtu aliyetuona hatuna undani.

Sitaki kuiuza tiba hii kwa mtu. Ni ndefu, yangu iliisha mwaka 2016. Ni ghali, na Afrika Mashariki wanaoitoa ni wachache mno. Mtu anayesikia sauti, au anayetaka kujiua, anahitaji hospitali leo na hawezi kungojea ndoto. Freud mwenyewe alikosea mengi, hasa kuhusu wanawake, na wapo watafiti makini wanaokataa sehemu kubwa ya nadharia yake. Alichoahidi mwishoni mwa kitabu cha mwaka 1895, alichokitoa pamoja na Breuer, ni kidogo: kwamba taabu ya ugonjwa itageuzwa kuwa huzuni ya kawaida ambayo wanadamu wote wanayo. Kwangu kidogo hicho kimetosha. Mkono ulianza kupoa baada ya Agosti ile, polepole, siku nzuri na siku mbaya, na hata sasa huuma ninapougua au ninaposikia msiba. Usingizi umerudi. Bibi nimemlilia kwa mara ya kwanza kama bibi yangu, mwanamke mkali aliyependa tambuu na aliyenifundisha kusuka ukili, ambaye miezi minane ya mwisho ilikuwa imemfuta kabisa.

Mwaka 2017 shangazi alivunjika nyonga, nikaenda kukaa naye wiki sita. Nililala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda chake. Usiku wa nne au wa tano aliniita, nikaitika, "Abee, shangazi." Akasema ubavu unamuuma, nimgeuze. Nilikuwa nimefua na kupika kutwa nzima.

"Shangazi," nikamwambia, "nimechoka. Nipe dakika chache."

"Pumzika, mwanangu," alinijibu gizani. "Usiku bado mrefu."

Nikalala tena kidogo, kisha nikainuka nikamgeuza.